Mtani wa Mume Wangu

Jumatatu, 1 Machi 2004

Mvua imeanza leo mchana, mapema kuliko mwaka jana. Mlima haujaonekana tangu saa nne asubuhi. Nimetuma habari ya kalvati lililozolewa na maji barabara ya Kisaki, aya nne. Mhariri atazikata zibaki mbili.

Athanas amekula, amekunywa vidonge vyake, amekwenda kwenye mashine yake ya kusaga. Mume wangu ana saratani ya damu. Iligunduliwa Oktoba. Tangu Januari anapewa dawa mpya ambayo haiuzwi popote hapa mjini, ingawa siku hizi maduka ya dawa yamekuwa mengi kuliko ya sukari. Wafadhili wanaitoa bure kwa wagonjwa wachache, na daktari huja nayo kutoka Dar es Salaam kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Alituambia masika yakiisha tutajua kama imemkubali au imemkataa. Kwa hiyo nitaandika mpaka masika yaishe. Kwa miaka ishirini na nne nimeandika habari za watu wengine. Hii sitaituma kokote.

Alhamisi, 11 Machi

Mvua. Athanas ameamka kope zimemvimba kama mtu aliyelia. Daktari alishatuonya: dawa hii huvimbisha macho, maana yake imo mwilini. Sijawahi kufurahia uso mbaya kiasi hiki.

Alhamisi, 25 Machi

Kliniki. Tumefika saa mbili, benchi limeshajaa.

Semeni alikuwepo. Nimemtaja kwa Agnes, binti yetu, kwenye simu, lakini hapa sijamwandika bado. Ni mwanamke wa miaka kama arobaini, mfupi, anauza mchele Turiani. Ana ugonjwa uleule wa Athanas. Ni Mnyamwezi wa Urambo na Athanas ni Mluguru wa Mgeta, kwa hiyo ni watani. Wanaruhusiwa kutukanana, kuombana chochote, kunyang'anyana kofia kichwani, na anayekasirika ndiye anayeaibika. Mimi ni Mhaya. Katika mkoa huu sina mtani.

"Mluguru, bado hujafa?" akamwambia Athanas kabla hatujakaa. "Mimi nimekuja na jembe."

"Nakusubiri utangulie, Mnyamwezi. Huko niendako nitahitaji wa kunibebea mizigo."

Benchi zima likacheka. Ndipo akanigeukia mimi. "Shikamoo, mke mwenzangu."

"Marahaba," nikasema.

Dokta Abdulmajid ni kijana wa Tanga, anasema taratibu. Chembe nyeupe za damu ya Athanas zimeshuka kutoka laki moja na tisini elfu hadi sitini na mbili elfu. Mtu mzima hatakiwi kuzidi elfu kumi au kumi na moja. Nilimwomba anieleze tena, safari hii kama anayemweleza msomaji wa gazeti.

"Ndani ya kila chembe kuna maelekezo, mama. Tunayaita jeni. Kwa wagonjwa hawa, jeni mbili zilizokuwa mbalimbali zimekatika zikaungana vibaya. Hiyo iliyoungana haizimiki. Inaamuru chembe nyeupe zizaliane bila kupumzika."

"Swichi imeganda," akasema Athanas.

"Sawasawa, mzee. Na dawa hii inaingia kwenye swichi na kuikalia."

"Mbona wengine haiwasaidii?" nikauliza.

"Ugonjwa mmoja, damu tofauti. Kuna ambao kidogo tu kinawatosha, kuna ambao mwili unaitoa haraka. Na kuna ambao swichi yenyewe inabadilika umbo, dawa haikai tena. Hilo hutokea zaidi dozi ikiwa pungufu. Ndiyo maana nasema vidonge vinne kila siku. Si vitatu siku umechoka."

Semeni aliingia baada yetu akatoka na vidonge vya zamani. Dawa mpya haitolewi mpaka maabara ya nje ithibitishe kwamba damu ina ile jeni, na damu yake iliharibika njiani. Wamemtoa nyingine. Majibu huenda Mei, huenda Juni. Chembe zake ni laki moja na arobaini elfu.

Alikaa karibu na Athanas, akaitazama chupa yake ya dawa mpya, akanyoosha kiganja. "Mtani, nipe nusu."

"Nusu ya nini? Chukua yote, mradi uje unifulie."

Watu wakacheka, naye akacheka. Kiganja chake hakikurudi haraka.

Jumapili, 28 Machi

Katikati ya mahubiri Athanas akacheka peke yake. Nilipomuuliza njiani, akasema amekumbuka neno la Semeni. Neno gani? Akasema nikielezwa halitachekesha.

Jumatano, 7 Aprili

Kope zimenywea. Asubuhi amekuwa yule Athanas wa zamani, uso umekaza, ndevu kazichonga. Amenunua shati la mtumba sokoni, la bluu, na alichagua kwa muda mrefu. Najua kwa sababu aliyemuuzia aliniambia. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mwenye saratani, anachagua shati.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Mvua tangu misa mpaka jioni. Wifi zangu wameshindwa kushuka kutoka Mgeta, kifusi kimeziba barabara.

Alhamisi, 15 Aprili

Hidaya, jirani yangu anayeuza chai na vitumbua stendi ya Msamvu, ameingia uani bila hodi.

"Dada Winfrida, mimi sitaki maneno."

Huanza hivyo akiwa nayo.

"Nimemwona shemeji stendi. Hii mara ya pili. Basi la Turiani likiingia anamsogelea mwanamke mmoja mfupi, anampa kitu, wanacheka weee, basi likigeuza yule mama anapanda anaondoka. Hata chai hanywi."

"Kitu gani?"

"Kidogo. Kimefungwa kwenye gazeti." Akasita. "La kwenu."

Nikamshukuru, nikampa mbaazi zangu alizozisifia, nikafunga mlango wa uani.

Jumatatu, 19 Aprili

Athanas aliaga kwamba anakwenda kutafuta mkanda wa mashine. Nikamtangulia Msamvu, nikakaa nyuma ya jiko la Hidaya, mvua ikigonga bati. Basi la Turiani likaingia limepakwa tope mpaka madirishani. Semeni akashuka amejifunika khanga kichwani. Athanas akatoka chini ya kibaraza cha wakata tiketi, amevaa lile shati. Akampa kifurushi cha kuenea kiganjani. Semeni akakitia kifuani bila kukifungua. Akasema jambo, Athanas akainama kwa kucheka, akashika goti. Hakumgusa. Wala mwanamke hakumgusa.

Nimeripoti kesi nyingi za watu walioua kwa wivu. Kila mara nilimuuliza mshtakiwa aliona nini hasa, kwa macho yake. Wengi hawakuwa wameona kitu. Mimi nimeona, na bado sijui nimeona nini. Mkononi nilikuwa na kikombe cha chai, na Hidaya aliniambia baadaye kwamba sikunywa hata tone.

Mkanda wa mashine amerudi nao kweli.

Ijumaa, 23 Aprili

Mvua. Sina la kuandika juu ya Athanas ambalo ni la haki.

Alhamisi, 29 Aprili

Kliniki. Nitaandika kwa mpangilio.

Aliitwa Athanas kwanza. Chembe nyeupe tisini na saba elfu. Daktari akarudia kusoma. Akaubonyeza ubavu wa kushoto wa Athanas, kwenye wengu, Athanas akakunja uso.

"Mzee, unakunywa vyote?"

"Nakunywa."

"Kila siku? Baada ya chakula?"

"Kila siku, daktari."

Athanas hakunitazama. Daktari alinitazama mimi, nami nikasema ninachokijua: huvinywea kwenye mashine baada ya chakula cha mchana, tangu mwezi uliopita, kwa sababu anasema asubuhi vinamtia kichefuchefu.

"Mpango wa wafadhili una masharti," daktari akasema. "Mwezi ujao nikikuta zinapanda hivi, nitalazimika kuandika kwamba dawa imemkataa. Nafasi yake itakwenda kwa anayesubiri. Si uamuzi wangu."

"Anayesubiri ni nani?"

Macho yake yalikwenda mlangoni.

Tulipotoka, Semeni akaingia. Mlango ulibaki wazi kidogo, nikasimama hapo bila kujificha. Nikamsikia muuguzi akisema, "Thelathini na moja elfu! Mama, wewe una bahati, hivi vidonge vya zamani vimekupenda."

Semeni alipotoka akasimama mbele yetu. Sikuwa nimemtazama kwa karibu tangu kliniki iliyopita. Leo nilimtazama kama mwanamke anavyomtazama mwanamke aliyemjia nyumbani: nywele, shingo, vidole, kucha. Nikatafuta hereni mpya na sikuiona. Halafu nikafika machoni. Kope zilikuwa zimevimba, zinang'aa, kama za mtu aliyelia.

Vidonge vya zamani havivimbishi kope.

Benchi lilikuwa linacheka tena, sikusikia kwa lipi. Nilitafuta mahali pa kukaa, mzee mmoja akanisogezea nafasi.

Ijumaa, 30 Aprili

Nimekwenda kwenye mashine. Palikuwa na wateja wawili na madebe yao. Nikasubiri mpaka wakaondoka.

"Unampa vingapi?"

Athanas akazima mashine. Unga ulikuwa umemjaa kwenye nyusi. "Viwili."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile alipoomba."

"Alikuwa anatania, Baba Agnes. Watu wote tulisikia."

"Alikuwa anatania na alikuwa anakufa. Hata yeye mwenyewe hakujua anafanya lipi." Akajifuta uso kwa mkono. "Ukiombwa na mtani unatoa. Ningemwambia nini? Kwamba kila kitu ni utani, isipokuwa hiki?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Basi wewe si Mluguru."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo."

"Umeona."

Nikamweleza hesabu. Daktari anataka kumtoa. Anayeingia ni Semeni. Yeye Athanas anakufa ili yule achukue hata vile viwili vilivyobaki. Akasema majibu ya maabara yakija Semeni atapata vyake, naye atarudi kwenye vinne, na mambo yatakwisha. Amemwahidi mpaka majibu yaje. Akanikataza nisimwambie daktari, kwa sababu atamfuta Semeni kwenye mpango, na akifutwa hata majibu mazuri hayatamsaidia.

Niliporudi nyumbani nilikaa jikoni bila kuwasha moto. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya mwanamke. Ningempigia Agnes, ningewaita wifi zangu, kuna njia. Hili halina njia. Tumeoana miaka ishirini na mitano na sikumbuki nimewahi kumwomba Athanas kitu akanipa bila kwanza kuuliza cha nini. Yule alinyoosha kiganja mara moja.

Jumanne, 4 Mei

Nimemsihi tena. Amekataa tena, kwa upole. Upole wake unaniudhi kuliko ukali.

Alhamisi, 6 Mei

Nimekwenda Dar es Salaam kwa basi la kwanza. Nyumbani nimeaga kwamba naitwa ofisini.

Niandike lililo kweli. Nilikwenda kumwokoa mume wangu. Lakini tangu Chalinze mpaka Kibaha sikuwa naona uso wa Athanas. Nilikuwa naona uso wa Semeni akiambiwa hapana. Niliupanga vizuri: atasimama wapi, nani atakuwepo, atakosa utani gani wa kusema.

Dokta Abdulmajid alinipokea kwenye ukumbi wa hospitali, anatafuna mkate. Nikamweleza kama ninavyoandika: nani, nini, lini, wapi. Alipoelewa akauweka mkate chini.

"Mzee mzima," akasema. "Mzee mzima anagawa dawa kama pipi!" Akazunguka, akarudi. Ghafla akatulia. "Subiri, mama. Yule mama amekunywa viwili? Viwili tu kwa siku?"

"Viwili."

"Na akashuka hadi thelathini na moja." Akaanza kutikisa kichwa. "Nilikesha nikifikiria ile namba. Unajua umeniambia nini? Dawa hii inakalia ile swichi. Angekuwa na ugonjwa mwingine isingemshusha hivyo, na kope zisingevimba tu bure. Maabara imeshindwa kuniambia kwa miezi mitano, damu yake imeniambia kwa mwezi mmoja. Nikiwaandikia wenye mpango haya, watamwingiza bila kusubiri."

"Si amevunja masharti?"

"Amevunja. Nitamfokea. Halafu nitampa."

Nikauliza kuhusu Athanas. Atabaki, akasema, kwa sababu haijulikani kama dawa imemkataa au ameinyima nafasi. Anywe vinne mbele ya macho yangu. Lakini uso wake ulibadilika. "Nusu dozi ni kama kuufundisha ugonjwa, mama. Tuombe Mungu uwe haujajifunza."

Kwenye basi la kurudi mvua ilikuwa kubwa mpaka dereva akasimama Mikese. Nilikwenda kumtoa mtu, nimemwingiza.

Jumapili, 9 Mei

Tangu nimweleze nilikokwenda Alhamisi, Athanas hasemi nami. Ananywa vinne, ananitazama, anatoka.

Jumatatu, 17 Mei

Mto Ngerengere umefurika. Nimeshinda kwenye maji na mpiga picha. Nyumba kumi na moja. Ukurasa wa kwanza, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Athanas ameuona akaukunja.

Alhamisi, 27 Mei

Kliniki. Semeni amepewa chupa yake. Amefokewa kwanza, tulisikia mpaka nje. Alipotoka akasimama katikati ya watu, mkono mmoja kiunoni.

"Jamani, mnamwona mke mwenzangu huyu? Alipanda basi mpaka Dar kunichongea. Alitaka nife. Akarudi amenipatia dawa! Wahaya mnasifiwa kusoma, lakini uchawi hamuujui."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika matumbo. Athanas alicheka, mara ya kwanza kwa wiki tatu. Kila neno lilikuwa la kweli. Kwa kuwa lilikuwa utani, hakuna aliyelisikia. Nilitafuta jibu na ninayo majibu mengi, ndiyo kazi yangu, lakini mimi si mtani wake. Ningejibu, ungekuwa ugomvi.

Namba: Semeni tisa elfu, sawa na mtu mzima yeyote barabarani. Athanas themanini na nane elfu. Amekunywa vinne wiki tatu na zimeshuka elfu tisa tu. Kiasi kilichoshuka kwake ndicho kiasi kizima alichobaki nacho yule.

Njiani Athanas amenishika mkono kuvuka dimbwi. Ni mwanzo.

Jumamosi, 5 Juni

Mvua imekata. Mlima wote unaonekana, mpaka michirizi ya vifusi vya udongo mwekundu. Baridi.

Alhamisi, 24 Juni

Masika yameisha na jibu ambalo daktari aliahidi halijaja zima. Athanas themanini na moja elfu. Amekonda mabegani. Anatoka jasho mpaka godoro linalowa.

"Nadhani swichi imeanza kubadilika," daktari akasema. Hakumlaumu. Ingekuwa afadhali angemlaumu. "Kwa wengine, vinne vikishindwa sita hufaulu. Nimeomba ruhusa ya sita. Tukichelewa sana hata sita havitasaidia."

"Sana ni kiasi gani?"

"Sijui, mama. Ningejua ningekuambia."

Semeni amekuja na mchele mpya, ndoo nzima, akawagawia hata wauguzi. Amenenepa. Mashavu yanang'aa na si kwa uvimbe. Anatembea kama mtu anayejua mwakani atapanda nini. Nilikuwa nimeshika begi la Athanas na nilimtazama mgongoni mpaka alipokata kona. Si kwamba namtakia mabaya tena. Nataka tu alicho nacho kiwe ndani ya mwili mwingine.

Jumatatu, 5 Julai

Daktari amepiga simu. Ruhusa ya sita imekubaliwa. Dawa itakuja na kliniki ya mwisho wa mwezi. Nikauliza kama ninaweza kuifuata Dar kesho. Haipo Dar. Haijafika nchini.

Athanas ana homa tangu jana.

Alhamisi, 8 Julai

Nilikuwa nasonga ugali nikasikia hodi. Semeni, peke yake, vumbi la safari mpaka magotini.

"Shikamoo, dada."

Hakusema mke mwenzangu. Nikamkaribisha ndani. Athanas alikuwa amelala chumbani, mlango umerudishwa. Semeni akauangalia ule mlango, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akafungua fundo la khanga, akatoa chupa yake akaiweka mezani.

"Nimesikia kwa muuguzi. Anatakiwa sita na havijafika."

"Ndiyo."

"Basi chukua hapa. Viwili kila siku mpaka mwisho wa mwezi. Mimi nimepona, dada. Namba yangu umeisikia mwenyewe."

"Umepoa. Hujapona. Daktari alikuambia."

"Alinipa vyake nikiwa sina. Nitakaaje Turiani nikivinywa vyote na yeye yuko hivyo? Watu wananiuliza mtani wangu hajambo. Nawajibu nini?" Sauti ilikuwa inapanda, akaishusha. "Usimwambie. Mwambie ni vya daktari. Nikimwambia mimi atakataa, nawe unamjua."

Chupa ilikuwa karibu na mkono wangu. Naandika nilichofikiri, kwa mpangilio kilivyokuja. Kwanza: sita vinaanza leo, si baada ya wiki tatu, na homa ya Athanas haitasubiri wiki tatu. Pili: Semeni atabaki na viwili, na ugonjwa wake utajifunza kama wa Athanas ulivyojifunza. Kila nilichokitaka tangu Machi kilikuwa mezani. Athanas apate, yeye akose. Na safari hii sikuwa nimemchongea mtu, ameleta mwenyewe kwa miguu yake.

Nikaichukua chupa. Nikaitikisa. Akashusha pumzi, akaanza kulia bila sauti, kwa shukrani, nadhani.

Ndipo nikaiona asubuhi moja ya mwaka kesho. Athanas yuko kwenye mashine, mzima, nyusi zimejaa unga. Anacheka peke yake. Namuuliza anacheka nini, ananiambia jina. Maisha yake yote yaliyobaki yatakuwa yametoka kwenye kiganja kile, na mimi nitakuwa ndiye niliyeyapokea na kunyamaza.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Umekula leo? Dawa hii haimezwi na tumbo tupu."

"Dada, mimi sikuja kula."

Nikaenda jikoni, nikapakua ugali, nikaweka na majani ya maboga. Nikarudi na maji ya kunawa. Akanitazama usoni kwa muda, akitafuta kama ni wema au ni nini. Sikumsaidia. Akanawa. Akala tonge la kwanza kwa kulazimisha, la pili, halafu njaa ya safari ikamshika akala kweli. Nilisimama pale mpaka sahani ikawa nyeupe.

Nikamwekea bilauri kubwa ya maji. Nikafungua chupa, nikahesabu vinne, nikavimwaga kwenye kiganja chake.

"Dada, angalau kimoja."

"Vyote."

"Wewe huna roho ya mtu."

"Vyote, Semeni. Na kesho vyote. Nitakuwa nakupigia simu kwa yule mwenye duka la jirani yako, naye ataniambia."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Athanas akasimama ameshika fremu, amejifunga shuka, nywele zimelala upande mmoja. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaitazama ile sahani.

"Kuna nini?"

Semeni alikuwa ameshatia vidonge mdomoni. Akageuka na mashavu yamejaa, macho mekundu, akamwonyesha mimi kwa kidole. "Mluguru," akasema kwa shida, "mke mwenzangu ananilisha sum—"

"Meza kwanza," nikamwambia. "Utani baadaye."

Akanywa maji yote. Halafu akaniachamia, akatoa ulimi nje kama mtoto, nami nikainama nikaangalia, juu na chini, mpaka nikahakikisha hapakubaki kitu.